Kilo 256 na Miguu Miwili

Pikipiki kubwa ikiwa mwendoni haina neno. Ikishashika kilomita 80 kwa saa inatulia, inanyooka, na mwenye nayo anaanza kujiona mtu aliyefanya uamuzi wa maana maishani. Shida ni kusimama. Taa nyekundu, tuta, ng'ombe, geti la nyumbani, shangazi anayekupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara: hapo ndipo zile kilo zote hukumbuka kwamba zipo.

Yangu ni BMW R 1200 GS Adventure. Kiwanda kinasema ina kilo 256 ikiwa na mafuta. Hiyo ni kabla hujafunga maboksi ya alumini pembeni, kabla ya hema na sufuria, na kabla yako wewe mwenyewe na ubwabwa uliokula. Kiti kipo sentimita 89 kutoka chini, na ukipenda unaweza kukipandisha hadi 91. Bado sijakutana na aliyependa. Kimo changu mimi ni cha kawaida, kwa maana kwamba ni mfupi lakini watu wana adabu, na nikikaa pale juu ni ncha za vidole tu zinazogusa lami. Visigino hupata habari za ardhi kwa kuambiwa.

Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi Dar es Salaam na anarudi kwao. Alinikabidhi funguo mbili, kitabu cha maelezo, na wasia mmoja: usiiegeshe kwenye mteremko. Nilimwitikia kwa heshima, huku nikijiuliza kama huyu mtu, kwa miaka yote aliyokaa nchini, aliwahi kufika Kimara, ambako pasipo na mteremko ni sebuleni tu, tena si kwa kila mtu.

Nilichojipa moyo nacho ni historia. Pikipiki za ukoo huu zilianza mwaka 1980 na R 80 G/S, na muda si mrefu zikawa zinashinda mbio za Paris–Dakar, mchangani, huko Sahara. Mshindi wa 1984 na 1985 alikuwa Mbelgiji, Gaston Rahier, na Rahier alikuwa mfupi. Kwenye lile dubwana lenye tanki kubwa la mafuta miguu haikumfika chini. Basi wakati wa kuondoka alisimama upande mmoja, mguu mmoja kwenye kikanyagio, akaiachia iende, na ikishaanza kwenda ndipo anarukia kitini. Akashinda mara mbili kwa mtindo huo.

Nilipoisoma habari hiyo nikasema dawa nimeipata. Nikaijaribu uani kwetu, alasiri ya Jumamosi, watoto wa mtaa mzima wakiwa nje. Kinachotofautisha Kimara na Sahara ni kwamba Sahara haina banda la kuku la jirani. Mwenye banda alitoka, akalitazama banda, akaitazama pikipiki iliyokuwa imeingia nusu, akamtazama jogoo ambaye sasa alikuwa juu ya bati na hana mpango wa kushuka. Kisha akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko matusi: "Pole, jirani. Haya mambo tutayaongea." Hakuyaongea. Wiki zikapita, kimya. Mkumbukeni huyu mzee, maana yeye hakunisahau.

Ipo mbinu ya kuinua pikipiki iliyolala, na mtandaoni utamwona mwanamke mwembamba akiifanya huku anatabasamu. Unageuza usukani hadi mwisho, unaipa pikipiki mgongo, unachuchumaa mpaka makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye chuma cha nyuma, halafu unarudi kinyumenyume kwa hatua ndogondogo, mapaja ndiyo yafanye kazi. Mbinu ni ya kweli. Ila Dar es Salaam hutaimaliza, kwa sababu kabla hujachuchumaa vizuri bodaboda wanne wameshafika, kila mmoja na nadharia yake.

"Bosi, pole sana! Wewe kaa pembeni!"

"Shika huku! Huko usishike, huko pana moto!"

"Moja, mbili..."

Watatu waliinua kwenye mbili, wa nne kwenye tatu. Silinda za injini hii zimechomoza kulia na kushoto, kwa hiyo ikianguka hailali yote. Inaegemea chuma cha kukinga silinda, nayo huinuka upesi kuliko watu wanavyotarajia. Ilisimama wima mbele yetu, nzuri, inameta, ikapitiliza, ikaenda kulala upande wa pili, ambako hakukuwa na mtu kwa sababu wote tulikuwa huku tunasaidia. Kijiwe kizima kikanyamaza. Halafu mmoja akasema, "Angalau sasa tumejua uzito wake."

Tangu hapo kijiwe kile kimekuwa ndugu zangu. Nikipita lazima nisimame, na nikisimama lazima nijibu maswali matatu yaleyale: inakimbia ngapi, inakula mafuta kiasi gani, na ulinunua bei gani. Ukijibu la kwanza wanapiga mluzi. Ukijibu la pili wanasikitika. La tatu huwa nalikwepa kwa kuwaonyesha kwamba haina cheni. Hapo wanachuchumaa wote nyuma ya gurudumu, wanatafuta cheni, wanakuta propela shafti iliyofichwa ndani ya chuma, na mjadala unaoanza pale unanipa nafasi ya kuondoka.

Spea nazo ni kisa. Injini ya silinda mbili zilizolala namna hii huitwa boksa, na sisi wenye nazo tunaitana hivyo kwa majivuno kidogo. Nikaingia duka moja Kariakoo, nikaomba filta ya oili ya boksa.

"Boxer 100 au 150?"

"1200."

Mwenye duka akaweka kalamu chini. "Kaka, Bajaj hawajatoa hiyo. Pita mwakani."

Kwenye kituo cha mafuta ni hivyohivyo. Mhudumu amezoea kuulizwa elfu tano, elfu kumi ikizidi. Mimi namwambia ajaze. Tanki linabeba lita 33. Akishapita lita 20 huinama kuchungulia chini kama panavuja, akifika 25 anamwita mwenzake, na mimi muda wote huo niko juu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikiwa ndicho kinachoshikilia uwekezaji wangu wote. Bei ya petroli ikizunguka shilingi 3,000 kwa lita, hapo inaondoka laki moja kasoro. Watu wengine hukumbuka Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa ibada. Mimi naikumbuka kwa EWURA na bei zao mpya.

Lakini pikipiki hii ilinunuliwa kwa ajili ya safari, si kijiwe, kwa hiyo safari nikaenda. Dar hadi Iringa, barabara kuu ya Zambia. Mwaka 2007 Ewan McGregor, yule mwigizaji, na mwenzake Charley Boorman walipita Tanzania na pikipiki kama hizi, wakitoka Scotland kwenda Cape Town. Walikuwa na magari ya msaada, wapiga picha na watu wa kuwashughulikia vibali. Mimi nilikuwa na mpwa wangu kwenye simu, naye salio lilimwishia Mlandizi.

Nilipoivuka Chalinze nikaona jambo la ajabu. Daladala zinanipisha. Lori likawasha indiketa ya kushoto likatoka kabisa barabarani. Nikasema leo watu wana ustaarabu. Mbele kidogo, nje ya shule moja, wanafunzi wamejipanga pande zote mbili, sare safi, bendera ndogo mikononi. Mimi nina kiu, duka liko hapohapo, nikasimama. Mwalimu mmoja akaja mbio, tai imemkaa begani.

"Habari za kazi, afande. Mheshimiwa yupo umbali gani?"

Sasa fikiria: helmeti nyeupe, jaketi la kung'aa, pikipiki yenye taa tatu mbele. Nikamweleza ukweli, kwamba mimi ni msafiri tu, natafuta maji ya kunywa. Akanitazama, akatabasamu, akainamisha kichwa, tabasamu la mtu anayejua kwamba mambo ya usalama hayasemwi hadharani. "Tumeelewa, afande." Nikaletewa kiti. Nikaletewa soda ya baridi ambayo kwa vyovyote haikuwa yangu. Watoto wakaimba wimbo wa kwanza, kwa majaribio, na walimu wakanitazama usoni kuona kama unafaa. Nikasema unafaa. Nilipoondoka mwalimu aliwatangazia kwamba afande anakwenda kukagua mbele. Kama mheshimiwa alipita siku ile, namwomba radhi kwa soda.

Doma, kabla ya Mikumi, tairi la nyuma likaisha upepo. Kijana wa pancha alikuwa chini ya mti, mchangamfu, ana vyombo vyake vyote. Nikamwachia pikipiki kwenye stendi ya kati, nikaenda kunywa chai. Kosa lilikuwa la spoku. Rimu ya spoku kwa kawaida lazima iwe na tyubu ndani, maana spoku hutoboa katikati ya rimu na upepo ungetoka. Za kwangu zimefungwa ukingoni mwa rimu, pembeni kabisa, kwa hiyo tairi halina tyubu, sawa na la gari. Kijana angejuaje? Niliporudi alikuwa amelifungua gurudumu, amelikanyaga tairi likatoka kwenye rimu, amesimama na wazee watatu wakitazama ndani, nyuso za msiba.

"Mzee, nikwambie tu ukweli," akasema. "Tyubu wameiba."

"Haikuwa na tyubu."

"Ndiyo hivyo. Wameiba."

Mzee mmoja akauliza jana ililala wapi. Nikasema Morogoro mjini, gesti, ndani ya uzio. Wote watatu wakatikisa vichwa. "Morogoro!" wakasema, na sikuweza tena kuitetea Morogoro. Ilinichukua muda kueleza, nikionyesha kwa kidole spoku zilipoanzia na zilipoishia, mpaka kijana akapata mwanga. "Kumbe ni tairi la gari!" Msumari ukapatikana, tundu likazibwa kwa kamba ya mpira na gundi, kazi ya dakika chache ambayo ingewezekana bila kufungua chochote. Kilichobaki ni kulirudisha tairi likae kwenye rimu, na pampu yake haikuwa na pumzi hiyo. Tukapaka povu la sabuni ukingoni, tukasukuma, upepo ukawa unatokea pembeni kwa dharau. Ndipo dereva wa lori la Zambia aliyekuwa anakula mahindi akaleta mpira wa upepo kutoka kwenye tangi la breki zake. Tairi likajaa, likanguruma, likalia pwaa! upande mmoja, pwaa! upande wa pili, wazee wakaruka nyuma, na kazi ikawa imekwisha. Kijana akanitoza bei ya pancha ya gari, na sikuwa na hoja ya kumpinga, kwani nilishakubali mbele ya mashahidi.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inapita kama kilomita 50, na mwanzoni lipo bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Bango halisemi tembo akikugonga wewe nani anamlipa nani. Niliwakuta wanavuka. Wenye magari wakapandisha vioo. Mimi nikashusha kioo cha helmeti.

Mbele ya safari, kwenye kijiji chenye kibao cha 50, askari mmoja akanipiga tochi, ikasoma 61. Akaja taratibu, akaizunguka pikipiki yote bila kusema neno, akarudi alipoanzia.

"Hii ina cc ngapi?"

"1170, afande."

"Vitz ya shemeji yangu haifiki 1000."

Akamwita mwenzake, na mbele yangu ukafanyika mjadala wa kisheria ambao natamani ungerekodiwa. Tangu 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Gari imebaki palepale. Mwenzake alishikilia kwamba kitu chenye injini kuishinda Vitz hakiwezi kulipa faini ya bodaboda, kwamba huko ni kuwaonea wenye Vitz. Yule wa kwanza akafikiri. Akahesabu matairi. Yakawa mawili. "Ni pikipiki," akaamua, akaniandikia 10,000 na namba ya malipo, kila kitu kwa utaratibu. Halafu akaomba apigwe picha amekaa juu yake. Akapanda, na miguu yake yote miwili ikakanyaga lami, nyayo nzima, visigino na vyote. Iliniuma kuliko ile elfu kumi.

Nimerudi Dar, nikakuta yule mzee wa banda la kuku ananisubiri. Binti yake amepata mchumba. Kamati ya harusi imekaa, michango imepangwa, na kwenye daftari, mbele ya jina langu, hapakuandikwa fedha. Paliandikwa "pikipiki". Kazi yangu ilikuwa kumbeba mpiga video, akae nyuma akitazama kinyume, ili amchukue bibi harusi na msafara mzima kutoka kanisani hadi ukumbini Sinza. Ningesemaje? Jogoo bado alikuwepo. Alikuwa akinitazama.

Msafara wa harusi huenda mwendo wa mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Mbele Kirikuu lenye matarumbeta, halafu mimi, halafu gari la maharusi. Injini yangu inapozwa kwa upepo na oili, maana zile za maji zilianza kutoka 2013, na upepo haupatikani nyuma ya matarumbeta. Barabara ya Morogoro, Ubungo, foleni ya Jumamosi. Vijiti vya joto kwenye dashibodi vikaanza kupanda kimoja kimoja. Silinda ziko sawia na miundi ya miguu, na suruali ya sare ya kamati ilikuwa ya kitambaa kile kinachong'aa, kile kisichopatana na moto. Kufikia Sinza nilikuwa nanukia pasi. Nyuma mpiga video ananipigia bega: "Taratibu, kaka, taratibu!" Taratibu ipi tena? Nilikuwa nimesimama.

Tukafika getini. Pale ukumbini kuna mteremko wa vigae. Nikasimama, nikashusha mguu wa kushoto, na wakati huohuo mpiga video akaona bibi harusi anashuka garini, akainuka, akaegemea kushoto apate picha nzuri ya shela. Mguu wangu ukatafuta ardhi. Ukaendelea kutafuta. Pikipiki ya kilo 256 haianguki kwa ghafla, inaaga kwanza. Unapata nafasi ya kumwona mama mzaa chema akiweka mkono mdomoni, ya kuona mpiga tarumbeta akitoa macho bila kuacha kupuliza, na ya kujiuliza kama ulilipia bima. Tukalala. Wageni wa upande wa bwana harusi, ambao hawanijui, walidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga vigelegele. Mpiga video aliruka mzimamzima, na kwa sababu ni mtu wa kazi yake, kamera hakuizima.

Ile video ina saa tatu. Viapo vimepewa dakika nne. Mimi nimerudiwa mara tatu: mara ya kwanza mwendo wa kawaida, ya pili polepole, ya tatu polepole zaidi ndani ya umbo la moyo, na wimbo wa mapenzi chini yake. Mzee humwonyesha kila mgeni anayefika kwake, na kila mara husema, "Huyu ni jirani yangu," kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni lake lote.

Watu huniuliza kwa nini siiuzi nikachukua kitu cha kimo changu. Waende Kitonga asubuhi, kabla malori hayajajaa mlimani, gia ya tatu, kona zinafuatana, bonde liko chini kushoto na nyani wamekaa ukingoni wanakuhesabia. Pale hakuna taa, hakuna geti, hakuna shangazi.

Na kwa kuwa najua utaniuliza: inazidi kilomita 200 kwa saa ingawa mimi sijaifikisha huko, na lita moja inakwenda kama kilomita 18. Bei sitaitaja hapa, maana mama watoto naye husoma gazeti hili.